Uwanja wa gofu unatakiwa uwe na nini mpaka upewe mashindano makubwa ya dunia? Na hapa Dodoma je?

Mpima wa Iyumbu

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mpima ardhi, kazi zangu nyingi ni viwanja vya makazi huku Iyumbu, Nzuguni na Ihumwa. Gofu sijacheza, naiangalia kwenye runinga tu, lakini naifuatilia kwa moyo wote. Julai 2025 wikiendi nzima sikutoka sebuleni kwa ajili ya The Open ya Royal Portrush, Ireland Kaskazini, ile ambayo Scottie Scheffler alishinda kwa tofauti ya mikwaju minne. Kilichonishika zaidi ni ardhi yenyewe: vilima vya mchanga, nyasi zimepauka, upepo wa baharini, na watu wamejipanga pembeni ya kila shimo. Macho yangu ya kazi yakaanza kuuliza. Hawa watu wote wameegesha wapi? Maji ya mvua yanatokea upande gani? Lile jukwaa limesimama juu ya nini?

Ofisini tumebishana wiki nzima. Mwenzangu mmoja anasema ni suala la pesa, ukiwa nayo unapewa mashindano. Mimi nakataa. Duniani kuna viwanja vya matajiri wakubwa ambavyo havijawahi kupewa meja hata moja (yaani yale mashindano manne makubwa: Masters, PGA Championship, US Open na The Open), na kuna Bethpage Black kule New York, mali ya serikali ya jimbo, mtu yeyote analipa anacheza, na umepewa US Open mara mbili, 2002 na 2009, kisha PGA Championship 2019.

Sasa naomba wenye ujuzi mnieleze. Wale wanaochagua uwanja wanaangalia nini hasa? Na eneo linatakiwa kuwa kubwa kiasi gani?

Nauliza kwa sababu kuna ardhi naipita mara kwa mara njia ya kwenda Hombolo. Ina miinuko midogo midogo, udongo mwekundu wenye mchanga mwingi, mibuyu imesimama mbalimbali, na upepo wa Julai mnaujua. Kila nikisimamisha mashine pale nawaza shimo la kwanza lingeanzia wapi na la 18 lingeishia wapi.

Nawasilisha.

Kijana wa Kisasa

Mkuu, la kwanza ni urefu. Wachezaji wa siku hizi wanapiga yadi 300 na zaidi bila kutoka jasho, kwa hiyo uwanja usiofika yadi 7,000 wanaumaliza mapema. Angalia Erin Hills, Wisconsin, US Open ya 2017, yadi 7,741. La pili ni ugumu: rafu (nyasi za pembeni) ndefu, mabanka (mashimo ya mchanga) mengi, maji. Ukiwa na hayo mawili, mengine yatafuata.

Mzee wa Ukoka

Hamjambo vijana.

Maisha yangu yamepita kwenye nyasi. Nilianza kubeba mabegi ya wachezaji Morogoro nikiwa bado nasoma, baadaye nikaajiriwa kutunza griini, yaani zile nyasi fupi sana zinazozunguka shimo, nikazunguka viwanja vya huku kwetu hadi Kaskazini, na sasa nimerudi Chamwino kwenye mizabibu yangu. Nitajibu kama mtu aliyeshika mashine ya kukatia.

Kijana wa Kisasa, mfano wako unakupinga wewe mwenyewe. Erin Hills pamoja na urefu wote ule, Brooks Koepka alimaliza akiwa na mikwaju 16 pungufu ya kiwango cha uwanja, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa. Rudi nyuma miaka minne, Merion, Pennsylvania, US Open ya 2013. Uwanja ulikuwa yadi 6,996, haukufika hata hiyo 7,000 yako. Mshindi, Justin Rose, alimaliza mkwaju mmoja juu ya kiwango, na hakuna mchezaji hata mmoja aliyemaliza chini ya kiwango hicho. Urefu unasaidia, lakini peke yake haumtishi mtu anayejua kupiga.

Ugumu ni kitu cha kutengeneza. Rafu unaiacha ikue, feawei (ile njia ya nyasi fupi ya kuelekea griini) unaibana, kijiti cha bendera unakisogeza karibu na banka. Fundi mzuri akipewa muda atakufanyia uwanja wowote uwe mgumu. Kisichotengenezeka kirahisi ni udongo ulio chini ya nyasi na nafasi iliyo nje ya kamba, kule wanakokaa watazamaji. Mimi naamini uwanja wa meja huamuliwa hapo, kabla hata bendera ya kwanza haijasimamishwa.

Nianze na udongo. The Open na US Open huanza na wachezaji 156. Griini moja inakanyagwa na wote hao pamoja na makedi wao (wabeba mabegi) Alhamisi, inakanyagwa tena Ijumaa, halafu waliobaki wanaikanyaga Jumamosi na Jumapili. Na yule wa mwisho jioni anatakiwa aukute mpira unatembea sawasawa na ulivyotembea kwa wa kwanza alfajiri. Nyasi zenyewe zimekatwa zikabaki milimita 3 hivi. Nyasi fupi namna hiyo haina akiba. Mizizi ikituama kwenye maji inakosa hewa na kuoza. Ikikosa maji mchana mmoja wa jua kali, jioni unaikuta imegeuka rangi, na kesho yake umeshaipoteza.

Kwa hiyo maji lazima yashuke haraka, na lazima wewe mtunzaji ndiye uamue yarudi lini. Viwanja vya pwani vya Scotland na Uingereza vimebarikiwa hapo: vimekaa juu ya mchanga ulioletwa na bahari na kupangwa na upepo. Mvua inanyesha asubuhi, mchana watu wanacheza juu ya ardhi ngumu. Pasipo na mchanga huo wa asili unaujenga. Unachimba, unalaza mabomba ya kutolea maji, juu yake kokoto sentimita 10, juu ya kokoto mchanganyiko wa mchanga sentimita 30, ndipo unapanda. Augusta National, wanakochezea Masters kila Aprili, wamekwenda mbali zaidi. Chini ya griini zao kuna mitambo inayovuta unyevu na kupitisha hewa kwenye mizizi, mvua ikinyesha usiku wanaiwasha.

Ukikosea hesabu ya maji kidogo tu, dunia nzima inaona. Shinnecock Hills, New York, US Open ya 2004: griini ya shimo la 7 ilikauka Jumapili mpaka mipira haikai juu yake, ikabidi waimwagilie katikati ya mashindano, kati ya kundi moja la wachezaji na jingine. Fikiria aliyepita mapema na aliyepita baada ya maji, wanacheza uwanja mmoja kweli? Au Chambers Bay, jimbo la Washington, 2015. Uwanja ulifunguliwa 2007 kwenye machimbo ya zamani ya mchanga na kokoto, mandhari yake huchoki kuyatazama, lakini griini zilikuwa zimevamiwa na nyasi nyingine. Nyasi za aina mbili hazikui kwa mwendo mmoja. Alfajiri umezikata zikalingana, alasiri moja imeipita nyenzake, mpira unaruka-ruka hadi shimoni. Wachezaji walilalamika mbele ya kamera, na baadaye griini zile zikapandwa upya.

Mwendo wa griini unapimwa, haukisiwi. Kuna reli ndogo ya aluminiamu ya inchi 36, karibu na ncha moja ina kishimo. Unaweka mpira kwenye kishimo, unanyanyua ncha hiyo taratibu, ukifika pembe yake mpira unaporomoka wenyewe. Unapima umekwenda futi ngapi, kisha unageuka na kupima kinyume chake ili mteremko usikudanganye. US Open hupenda futi 13 au 14. The Open hawathubutu kwa sababu ya upepo. 2015 pale St Andrews, siku ya Jumamosi, upepo ulikuwa unasukuma mipira iliyokwisha kusimama kwenye griini, na mchezo ukasimamishwa kwa zaidi ya saa 10. Mpima, wewe uliyetaja upepo wa Julai, hilo liandike mapema kwenye daftari lako.

Sasa nje ya kamba, na hapa ndipo viwanja vingi vizuri huanguka. The Open ilianzia Prestwick, Scotland, mwaka 1860, uwanja ukiwa na mashimo 12. Prestwick iliandaa mara 24. Mwaka 1925 watazamaji walifurika, wakawa wanatembea katikati ya wachezaji, hakuna wa kuwazuia wala pa kuwaweka. Tangu mwaka ule Prestwick haijapewa tena. Nyasi zake hazikuwa na kosa lolote.

Portrush uliyoiangalia wewe iliandaa 1951, kisha ikakaa miaka 68. Walipotaka kuirudisha 2019 ilibidi mashimo mawili ya mwisho, la 17 na la 18, yaachwe kabisa, ardhi yake igeuzwe sehemu ya mahema, vyakula na watazamaji. Mashimo mapya mawili yakajengwa upande mwingine, ndiyo la 7 na la 8 la sasa. Klabu ilikubali kuvunja uwanja wake ili watu wapate pa kukaa. 2025 walifika watazamaji karibu 280,000 kwa wiki ile. Mpima, majibu ya swali lako la maegesho yako humo.

Merion niliyoisifu juu ililipa gharama ya udogo wake. Uwanja haufiki eka 130. Tiketi ikabidi zipunguzwe hadi kama 25,000 kwa siku, mahema ya wageni yakawekwa kwenye eneo la chuo jirani, na wachezaji wakawa wanajipasha moto kwenye uwanja wa pili wa klabu kisha wanabebwa kwa gari kupelekwa shimo la kwanza. Erin Hills wana eka 652. Hapo urefu wa yadi siujali, ila hizo eka naziheshimu.

Vitanda navyo vinahesabika. Carnoustie, uwanja mgumu unaotetemesha mtu, ulikaa bila The Open kuanzia 1975 hadi 1999, na mwaka huo wa kurudi ndipo hoteli kubwa ilipofunguliwa pale pale nyuma ya shimo la 18. Wachezaji, waandishi, waamuzi, mafundi wa runinga, wote wanalala mahali.

Na mlangoni pia wanaangalia. 1990 PGA Championship ilikuwa Shoal Creek, Alabama, klabu ambayo haikuwa na mwanachama mweusi hata mmoja, na mwanzilishi wake akasema hadharani maneno ya kutetea hali hiyo. Wadhamini wakajiondoa, na baada ya hapo vyama vya gofu Marekani vikaweka sharti kwamba klabu inayobagua haipewi mashindano. Muirfield, Scotland, walipiga kura 2016 kuhusu kuwapokea wanawake, kura hazikutosha, wakaondolewa kwenye orodha ya The Open. 2017 wakapiga tena, wakakubali, wakarudishwa. 2022 Women's Open, ile ya wanawake, ikachezwa pale pale Muirfield na ikachukuliwa na Mwafrika mwenzetu, Ashleigh Buhai wa Afrika Kusini. Nilifurahi sana siku ile, sifichi.

Dada wa Visima

Shikamoo mzee. Nimesoma yote bila kuruka.

Mimi kazi yangu ni kupima visima, Dodoma na Singida. Kaka Mpima, nakuonea huruma kwa ndoto yako lakini niseme ukweli wa kazini. Mvua yetu kwa mwaka ni milimita 500 na kitu hadi 600, na karibu yote inanyesha Desemba mpaka Aprili. Baada ya hapo ni jua na vumbi mpaka Novemba. Jiji linategemea sana visima vya bonde la Makutupora, na watu wameongezeka mno tangu serikali ihamie. Kuna mitaa mama anaamka saa tisa usiku kukinga maji ya mgao. Nikisikia mtu anataka kumwagilia uwanja mzima wa nyasi, roho inaniuma.

Halafu nje ya bonde lile visima vingi vina chumvi, ukichemsha chai unaisikia. Nyasi gani itakubali maji hayo?

Mzee wa Ukoka

Marahaba mwanangu. Swali lako ndilo zito kuliko yote humu, na mama huyo anayekinga maji usiku anatangulia mbele ya griini yoyote. Hilo sina mjadala nalo.

Ila kuhusu chumvi nina habari njema kwako. Kiawah Island, South Carolina, uwanja wa Ocean Course, uko ufukweni kabisa na umepandwa paspalamu, nyasi inayovumilia maji ya chumvi. Wameandaa PGA Championship 2012, akashinda Rory McIlroy, na 2021, akashinda Phil Mickelson akiwa na miaka 50, mzee kuliko wote waliowahi kutwaa meja. Kwa hiyo nyasi ya maji ya chumvi imekwisha kupita mtihani wa juu kabisa.

Na siyo lazima maji yawe ya kunywa. Pebble Beach, California, tangu 1994 wanamwagilia kwa majitaka yaliyosafishwa. Mwanzoni chumvi iliwasumbua, griini zikadhoofika, wakaongeza hatua za kusafisha mpaka maji yakawa mazuri. US Open zimechezwa pale 2000, 2010 na 2019. Sisi tuna mabwawa ya majitaka ya Swaswa, na mji huu utazidi kuzalisha majitaka kila mwaka. Mtu akija na mchoro wa uwanja unaotegemea visima vya Makutupora nitampinga mbele ya mkutano. Akija na mchoro unaoanzia kwenye majitaka yaliyosafishwa, nitakaa chini nimsikilize.

Tena uwanja hauhitaji kumwagiliwa wote. Griini, sehemu za kuanzia kupiga, na feawei, basi. Pembeni acha nyasi za porini, miiba na mibuyu vikae kama Mungu alivyoviweka. Uwanja wa Gary Player pale Sun City, Afrika Kusini, umezungukwa na pori kavu la miiba, kwenye mwinuko unaokaribiana na wetu, na kila mwaka unapokea wachezaji wakubwa wa dunia. Mwinuko huo una jambo jingine: hewa ni nyepesi, mpira unasafiri mbali zaidi, kwa hiyo hapa kwetu, kwenye mita 1,100 na kidogo, uwanja ungehitaji kuongezwa yadi ili upime sawa na wa pwani.

Kuhusu nyasi, tunao ukoka. Huu huu unaomea kando ya reli na kwenye viwanja vya shule bila mtu kuupanda. Ng'ombe wanaula hadi ardhini, mvua moja tu unarudi. Griini za Pinehurst No. 2, North Carolina, ilikochezwa US Open ya 2024, zimepandwa jamii ya ukoka iliyochaguliwa kwa majani mafupi na membamba. Nimeutunza ukoka wa kawaida miaka mingi. Alfajiri unaburuta mwanzi mrefu juu ya griini kufuta umande, maana umande ukikaa ugonjwa unaingia. Kisha unakata, leo unaelekea mashariki, kesho unavuka, ili majani yasilale upande mmoja. Kila baada ya muda unaitoboa griini nzima kwa vijiti vya chuma, unamwaga mchanga mkavu juu, unausukuma kwa mswaki mpana uingie kwenye matundu. Wiki hiyo wanachama wanakununia kwa sababu mpira hautembei vizuri. Unavumilia, kwa sababu usipotoboa, mvua za masika zitakukuta na griini iliyoshindiliwa kwa miguu ya watu, maji yatasimama juu yake, na hapo utaililia.

Mtanzania Nairobi

Niongeze kidogo. Mimi ni mtu wa Kondoa, nafanya kazi Nairobi, na nimewahi kujitolea kushika kamba kwenye Kenya Open pale Muthaiga. Kenya Open ilianza 1967, Seve Ballesteros aliichukua 1978, na tangu 2019 iko kwenye ngazi ya juu kabisa ya ziara ya Ulaya, ule mfululizo wa mashindano ya wachezaji wa kulipwa. Siyo meja, lakini kwa ukanda wetu ndiyo kubwa kuliko zote.

Anachosema mzee kuhusu nje ya kamba ni kweli tupu. Mimi kazi yangu ilikuwa njia panda, mahali watazamaji wanavuka feawei kwenda shimo jingine. Unanyoosha kamba, kundi linapita, unairudisha, unanyanyua mikono watu wanyamaze. Pale palipokuwa pembamba kati ya mashimo mawili hatukupumua siku nzima, huku mtu anapiga, kule mtu anaputi (anausukuma mpira shimoni), na watu wamebanwa katikati. Palipokuwa na mwinuko mpana, watu walikaa wenyewe kwenye nyasi, wanaona vizuri, hakuna aliyehitaji kuelekezwa. Mpima, ukichora uwanja wako, achia njia za watu kabla hujapanga mashimo.

Kijana wa Kisasa

Mzee nimekuelewa kuhusu Merion. Sasa swali la moja kwa moja: Afrika tutapewa meja lini?

Mzee wa Ukoka

Mwanangu, meja nne za wanaume hazijawahi kuchezwa nje ya Marekani na Uingereza, pamoja na Scotland na Ireland Kaskazini, yaani hata nchi kubwa za gofu kama Afrika Kusini, Australia na Japani bado. Masters haihami, iko Augusta tangu 1934. US Open na PGA ni za Wamarekani, na The Open inazunguka kwenye viwanja vichache vya pwani kule kwa Waingereza. Kwa hiyo kutamani kupewa meja Dodoma ni kutamani kitu ambacho wenyewe hawajakiweka mezani.

Lakini vigezo vyao vinatufaa hata kwa uwanja wa mashimo tisa. Udongo unaotoa maji, maji yasiyonyang'anywa wananchi, njia za watu, mlango ulio wazi kwa kila mtu. Na wachezaji. Hapo ndipo ningeanzia mimi kama ningekuwa na sauti. Watoto wa Chang'ombe na Nkuhungu wapewe mahali pa kupiga mpira na mtu wa kuwafundisha. Makedi wetu wengi wana mkono mzuri kuliko wenye mabegi, nimeliona hilo kwa macho yangu miaka yote, na wengi wamezeeka bila kupata nafasi ya kucheza uwanja uliotunzwa. Linaniuma mpaka leo. Uwanja wa Bethpage ule aliosema Mpima umepata heshima yote ile huku mtu wa kawaida akiamka usiku kupanga foleni acheze. Huo ndio uwanja ningependa tuuige, kabla ya ule wa Augusta.

Usafiri tunao. Treni ya kisasa kutoka Dar inafika hapa tangu 2024, na uwanja wa ndege wa Msalato unajengwa. Hivyo ni vitu ambavyo Turnberry kule Scotland wangevipenda sana: uwanja mzuri mno, The Open ya mwisho pale ni 2009, na barabara na nafasi za kulala zimekuwa zikitajwa kila wakijadiliwa.

Mpima wa Iyumbu

Shikamoo mzee, na asanteni wote. Dada wa Visima, nimeipokea, na nimemwonyesha mwenzangu wa ofisini ujumbe wako, amesema hoja yako ni nzito kuliko yangu na yake.

Mzee, swali la mwisho la kikazi. Kwa mashimo 18 nitenge kiasi gani? Na ile ardhi ya njia ya Hombolo nianze kuipima nini kabla sijagusa ramani?

Mzee wa Ukoka

Marahaba. Mashimo 18 yenyewe hekta 60 zinatosha ukipanga vizuri. Kama unawaza watazamaji wengi, tenga mara mbili yake na usikubali mtu akumegee viwanja vya nyumba katikati ya mashimo. Viwanja vingi vimekufa hivyo, nyumba zinajengwa kila upande, na siku ya mashindano hakuna pa kuweka hata hema la huduma ya kwanza.

Kabla ya ramani, nenda kachimbe. Mashimo ya majaribio ya mita moja kwenda chini, kwenye miinuko na kwenye mabonde, siyo sehemu moja. Angalia mchanga unaishia wapi na chini yake kuna nini, maana mara nyingi huku kwetu juu kuna mchanga mzuri, sentimita 40 chini unakuta tabaka gumu ambalo maji hayapiti. Jaza shimo maji, subiri yashuke, jaza tena, na mara ya pili ndiyo upime yanashuka kwa muda gani, kwa sababu mara ya kwanza udongo mkavu hunywa tu. Halafu rudi Januari baada ya mvua kubwa, siku ya pili yake, uone maji yamesimama wapi na mifereji inapita wapi. Makorongo ya huku hujaa kwa saa moja na kuondoka na kila kitu, kwa hiyo usiweke griini hata karibu na njia ya maji, hata kama imekauka miaka mitatu.

Chukua na sampuli ya maji ya kisima kilicho karibu, mpe Dada wa Visima akupimie chumvi. Na ukikuta ule udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kunata masika, eneo hilo liachie wakulima, tafuta jingine.